Bibi Harusi Anaingia: Kumuaga Mzee Usukani

Tarehe thelathini ya mwezi huu karakana yetu inamuaga msimamizi wake, ambaye makaratasi ya ofisi yanamjua kwa jina refu la kwenye kitambulisho, na sisi wengine wote tunamjua kwa jina la Mzee Usukani. Anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, yote ndani ya geti hili moja, na anaondoka na vidole vyake vyote kumi, jambo ambalo kwa fundi wa magari lingestahili cheti cha peke yake.

Kabla sijaendelea, kuna tangazo dogo. Programu ya leo imechapwa kwa namna mbili. Ile ya meza kuu ina karatasi nzito, picha za rangi, na wasifu uliopitiwa na ofisi neno kwa neno. Hii unayoisoma wewe ni ya meza za nyuma. Kama imekufikia kwa bahati mbaya nawe umevaa tai, tafadhali ikunje, umrudishie mama chai bila kuisoma, naye atakupa soda baridi.

Waliobaki tuendelee.

Mzee Usukani aliingia hapa akiwa mwembamba kama fimbo ya kupimia oili, akapewa kazi ya kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Akahamia kwenye breki, akakaa huko kwa muda, kisha siku moja fundi wa usukani akaugua mgongo na yeye akaambiwa ashike nafasi kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Alikwenda akipanda, akawa mkuu wa kitengo cha usukani, na hatimaye msimamizi wa karakana nzima, lakini hata alipopewa meza na kiti cha kuzunguka, ukimtafuta ulimkuta ameinama kwenye boneti ya mtu.

Kwake yeye, usukani unaopiga kelele haukuwa gari bovu. Ulikuwa mgonjwa anayejieleza, na kazi ya fundi ni kumsikiliza amalize. Alitufundisha hivyo tangu siku ya kwanza. Gari likilia kwa sauti kali pale tu unapokata usukani mpaka mwisho, tazama mkanda, huenda umelegea na unateleza kwenye puli. Likinung'unika muda wote na sauti ikapanda kadiri unavyokanyaga mafuta, fungua kopo la mafuta ya usukani uone kama yamepungua au yana povu, maana povu ni hewa, na hewa ikiingia kwenye pampu lazima pampu ilalamike. Na likikoroma kwa sauti nzito, mfululizo, basi hapo beringi ya pampu imechoka na hakuna wa kuibembeleza. Aliyekurupuka kununua pampu mpya kabla ya kutazama mkanda, mafuta na mipira inayoyapitisha, Mzee alimwita daktari wa kukata miguu.

Hapo ndipo ilipozaliwa sheria ya Kimya, ambayo wageni huishangaa. Mzee akishapima kwa macho, huchukua bisibisi lake refu na kulinyanyua juu. Likinyanyuliwa, kila kitu kinasimama. Kompresa inazimwa, nyundo zinashushwa, redio ya fundi rangi inakatwa katikati ya wimbo. Kisha Mzee huweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini wake kwenye sikio, anafumba macho, na ulimwengu unasubiri. Bisibisi likiwa sikioni, hakuna anayesema, awe nani awe nani. Siku moja Mkurugenzi wetu aliingia akiongea na simu, Mzee akamnyooshea kidole bila kufumbua macho. Mkurugenzi akanyamaza palepale, simu ikiwa sikioni, na sote tukawa tunamsikia mtu wa upande wa pili akiita "haloo, haloo" mpaka akachoka.

Wateja nao walimpenda, ingawa si wote waliondoka wameridhika. Kuna bwana mmoja, mwalimu wa kwaya, aliyeleta gari ambalo gereji nyingine zilishalibadilisha pampu na bado lilikuwa linalia. Mzee alifungua kopo, akakuta povu kama la maji ya kufulia. Akafuata mpira unaoshusha mafuta kwenye pampu, akaipata klipu iliyolegea, akaikaza kwa bisibisi. Akajaza mafuta, akamwambia azungushe usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, taratibu, mpaka hewa yote itoke. Kimya. Yule bwana alikasirika kweli kweli. Alisema haiwezekani ugonjwa uliomtesa vile uwe klipu, na akataka kitu fulani kibadilishwe, chochote kile. Mzee akamtazama kwa huruma, akambadilishia wipa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wasifu wa meza kuu haukuligusa hata kwa kidole, nalo ni gari la Mzee mwenyewe.

Gari hilo lina rangi ya chai ya maziwa na linaitwa Bibi Harusi, kwa sababu halijawahi kuingia mahali bila vigelegele. Mnaijua kona yetu. Ukitoka barabara kubwa, ukalipita duka la matairi, huna budi kukata usukani wote mpaka mwisho ndipo uingie getini. Na Bibi Harusi akifika pale alikuwa analia "ngwiiiiii" mpaka mbwa wa jirani wanaitikia. Bingwa wa usukani wa mji mzima, mtu ambaye wenye magari walivuka mito kumfuata, alikuwa anaendesha gari lenye usukani wenye kelele kuliko wote tuliopata kuusikia. Watu walimtania. Mkurugenzi alimwambia waziwazi kwamba anaitia aibu kampuni. Mkewe, ambaye hapa tunamwita shemeji hata wale tunaofaa kuwa watoto wake, alifikia hatua ya kushuka mbali na ukumbi wa sherehe na kumalizia kwa miguu, ili asionekane ametoka kwenye kelele ile.

Mzee alikuwa na majibu ya kila aina. Kipuri hakipatikani. Kipuri kimepatikana lakini si chenyewe. Tatizo la gari lake ni la kipekee na bado analichunguza. Mtunza stoo aliwahi kumvizia, akamkazia mkanda wakati wa chai, na gari likanyamaza kabisa. Kesho yake asubuhi, ngwiiiii. Akajaribu fundi umeme, akaweka mkanda mpya kabisa. Siku mbili, ngwiiiii. Tukahitimisha kwamba gari lile lina shetani, tukaliacha na shetani wake.

Lakini tulishalizoea. Sauti ile ilipofika kwenye kona, mlinzi aliamka na kufungua geti. Mama chai aliondoa miguu yake juu ya kreti. Ubao wa drafti ulirudi chini ya meza ya stoo. Na Baba Mapacha alitoka alikolala.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mkurugenzi wetu si mtu mbaya, na mishahara yake haijawahi kuchelewa, ila ana jambo moja lisilojadiliwa: hataki kumkuta mtu amelala kazini. Karakana ya baba yake ilikufa, anasema, watu wakiwa wamelala chini ya magari, na yeye ameapa kwamba hii haitakufa hivyo. Ofisi yake iko upande wa pili wa mji, na alipenda kuja bila taarifa, baada ya chakula cha mchana, saa ile tumbo limeshiba na kope zinavuta. Ukikutwa mara ya kwanza, onyo. Mara ya pili, unakwenda nyumbani, na hakuna kikao.

Baba Mapacha, fundi wetu wa pili wa usukani, alikuwa na onyo lake tayari. Mapacha wake walizaliwa na tabia ya kupokezana kulia kama walinzi wa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anaanza, na mama yao alikuwa bado hajapona sawasawa. Yule bwana alikuwa anakuja kazini macho mekundu kama taa za breki. Mchana alijiiba kidogo akalala, kisha jioni alibaki mpaka amalize kazi yake yote, na gari alilolishika yeye halikuwahi kurudi na malalamiko. Mshahara wake ndio uliokuwa unawalisha watu wanne. Angekutwa mara ya pili, basi.

Na hakukutwa. Miezi ilipita, Mkurugenzi akaja na kuja tena, na kila alipokuja alitukuta tumeinama kwenye magari kama tunayaombea dua. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Tulijua tu kwamba dereva wa Mkurugenzi aliacha kazi zamani, na kwamba Mzee Usukani, kwa ukarimu wake, alijitolea tangu hapo kumfuata bosi kila alipotaka kuja kutushtukiza. Kwa gari gani? Kwa Bibi Harusi.

Najua mmeshaelewa. Sisi hatukuelewa. Sisi ni mafundi, tunaweza kusikia beringi inayokufa kutoka upande wa pili wa uwanja, lakini hili lilitupita masikioni kwa miaka.

Ndiyo maana Mkurugenzi alipopendekeza kwamba zawadi ya kumuaga Mzee iwe ni kumtengenezea gari lake mara moja na kwa wote, tulishangilia. Tulingoja Jumatatu moja asubuhi, Mzee akiwa amefungiwa na mhasibu kwenye makaratasi ya mafao, tukamvamia Bibi Harusi kwa mikono yote. Tulibadilisha mkanda. Tulimwaga mafuta ya zamani, tukasafisha kopo na chujio lake, tukaweka mpira mpya na klipu mpya, tukanyanyua magurudumu ya mbele kwa jeki na kuzungusha usukani huku na huku mpaka povu likaisha. Tulimwosha, tukampiga nta. Kwenye buti tukatoa takataka zote, pamoja na boksi la spana, tukatandika zulia jipya.

Mimi ndiye niliyeshika upande wa mkanda, na niliona kitu. Injini nzima ilikuwa imevaa vumbi na grisi ya miaka, isipokuwa nati moja. Nati ya kukazia mkanda ilikuwa inang'aa kama kijiko cha sherehe. Nati haing'ai hivyo kwa kukaa. Inang'aa kwa kushikwashikwa na spana. Nilitaka kusema, kisha nikafikiri, mzee wa watu ana nati yake anayoipenda, mimi inanihusu nini? Nikakaza, nikafunga boneti.

Mchana ule Mzee akaitwa kumfuata bosi, naye, kwa amri ya bosi kama kawaida, hakutuambia anakwenda wapi. Alipokata kona ya geti kutoka, gari halikutoa hata mguno. Tuliokuwa pale tulipiga makofi. Mzee alitutazama kwenye kioo cha pembeni kwa sura ambayo tuliidhania kuwa ni ya furaha.

Yaliyofuata aliyasimulia mwenyewe baadaye. Alipofika kwa Mkurugenzi alifungua buti kutafuta spana, akakuta zulia. Bosi alipanda akiwa anatabasamu kwa sababu siri ya zawadi aliijua, na alikataza honi, akisema anataka kuingia polepole aone nyuso zetu. Kwenye kona Mzee alishusha kioo na kuanza kukohoa. Alikohoa, alisema, kikohozi cha kuamsha mtaa, mpaka Mkurugenzi akampa leso na pole. Mlinzi akaendelea kuota. Mkurugenzi alishuka, akasukuma geti kwa mkono wake mwenyewe, na Bibi Harusi akaingia kimya kama paka.

Mtunza stoo na fundi rangi walikuwa wanacheza drafti juu ya boneti ya mteja. Mama chai alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la kuoshea vipuri. Mimi nilikuwa mtazamaji wa drafti, namsaidia anayeshindwa. Lakini macho ya Mkurugenzi yalitupita sote yakaenda moja kwa moja kwenye gari jeupe lililokuwa katikati ya uwanja, mlango wa dereva wazi, na miguu miwili imetokeza nje. Miguu haikuwa inatikisika. Kiwiliwili kilikuwa ndani, kichwa chini ya usukani karibu na pedali. Ilikuwa miguu ya Baba Mapacha, na alikuwa amezama kwenye usingizi mzito wa mzazi.

Sote tulijua anayeondoka leo ni nani, na wa kulaumiwa ni nani, maana ni sisi tuliolinyamazisha gari.

Mkurugenzi alikuwa ameshafungua mdomo. Hapo Mzee Usukani, ambaye tangu apate meza hatujamwona akikimbia, alikimbia. Alipita kwenye benchi, akanyakua bisibisi refu, akalinyanyua juu.

Kimya. Ni mazoea tu, mwili unafanya wenyewe. Kompresa ikazimwa. Redio ikakatwa. Na Mkurugenzi, mdomo bado uko wazi, akasimama na mguu mmoja mbele.

Mzee alipiga goti kando ya ile miguu, akaweka ncha ya bisibisi kwenye nguzo ya usukani na mpini sikioni, akafumba macho. Kwa kidole alituonyesha Baba Mapacha, kisha sikio, yaani fundi huyu anasikiliza, msimguse. Pengine yangeishia pale. Lakini ndani ya ule ukimya, kutoka chini ya dashibodi, ikapanda sauti nzito, ndefu, yenye kutetemeka mwishoni. Ikakatika. Ikarudi tena.

Mkurugenzi si mjinga. Alisogea kwa ncha za viatu, akainama, akanong'ona kwamba injini imezimwa, sasa kelele hiyo inatoka wapi. Mzee akamnong'oneza, "Hapo ndipo penye ugumu wake, bosi." Kisha akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa hapa: akampa Mkurugenzi bisibisi. Bosi wetu alipiga goti na suti yake kwenye sakafu yenye oili, akaweka mpini sikioni, akafumba macho kama alivyomwona Mzee akifanya miaka yote. Alisikiliza kwa muda. Fundi rangi alikuwa ameuma shati lake. Mama chai alikuwa analia bila sauti. Hatimaye Mkurugenzi akatoa hukumu kwa mnong'ono: "Beringi." Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akakubali kwamba ni beringi, tena imechoka sana, na dawa yake ni kuiacha ipumzike kidogo.

Mkurugenzi aliondoka kwa kunyata. Aliagiza kwamba fundi yule asisumbuliwe mpaka amalize, na akasema kwamba kama watu wote wangekuwa na moyo wa kazi kama ule, karakana ya baba yake ingekuwa hai mpaka leo. Baba Mapacha alilala kwa idhini ya ofisi. Alipoamka alilishughulikia lile gari jeupe, akakuta mpira wa mafuta umepasuka unavuta hewa, akaubadilisha, na jioni likaondoka limenyamaza.

Mzee alipomrudisha bosi na kurejea, hakumgombeza mtu. Aliuliza tu boksi lake la spana liko wapi. Nikamletea. Alichukua spana namba kumi na nne, akafungua boneti mbele yetu sote, akailegeza ile nati inayong'aa, mzunguko mmoja na nusu. Akawasha, akakata usukani mpaka mwisho. Ngwiiiiii. Mlinzi akaruka kutoka kwenye kiti na kufungua geti. Hakuna aliyecheka. Tulisimama pale tukiwa tumeinamisha vichwa, kila mtu akihesabu moyoni ni mara ngapi sauti ile ilimwokoa. Baba Mapacha alikwenda akamshika Mzee mkono kwa mikono yake miwili, na Mzee akamwambia aende nyumbani mapema akasalimie mapacha.

Msimamizi aliyemtangulia, wazee wa hapa wanakumbuka, alikuwa anavaa viatu vya mpira ili atukamate. Huyu wetu alibeba aibu ya mji mzima, na ghadhabu ya shemeji, ili asimkamate mtu. Tunakupenda, Mzee. Tulisema kwa kuchelewa, lakini tumesema.

Ijumaa iliyopita alikaza nati ile kwa mara ya mwisho, akajaza mafuta, akafuta mikono. Akapita getini bila sauti, shemeji akiwa kiti cha mbele amekaa kama malkia. Mlinzi alibaki amesimama ameshika geti muda mrefu baada ya gari kupotea.

Ofisi ilipomuuliza nani amrithi, alinitaja mimi mwandishi wa wasifu huu, na watu walishangaa, mimi nikiwa wa kwanza. Aliniambia pembeni kwamba aliona alama ya spana yangu kwenye ile nati, akajua nimeiona inavyong'aa na sikumwambia mtu. Kisha akanikabidhi ofisi: ufunguo wa meza, bisibisi refu, na spana namba kumi na nne iliyofungwa kwenye kitambaa safi.

Asante, Mzee Usukani, kwa kazi, kwa sikio, na kwa kelele. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usio na mtu wa kukuamsha, na barabara zenye kona pana. Maisha yakawe mema kwako na kwa shemeji.

Na kwa wenzangu wa meza za nyuma: kuanzia jana gari langu limeanza kulia kwenye kona. Nalichunguza. Tafadhali asiliguse mtu.